Jibu: Kwa nini tiketi ya London–New York inasema safari ni ya saa 8, wakati hesabu ya umbali na kasi inatoa kama saa 6?
Kugawa umbali wa kilomita 5,540 kwa kasi ya ndege ya kilomita 900 kwa saa kunakupa saa 6 na dakika 10, lakini huo ni muda wa ndege iliyokwisha kupanda, tena bila upepo. Upepo ndio mchawi hapa. Juu ya Atlantiki huvuma kutoka magharibi, kwa hiyo kwenda JFK (uwanja wa New York) ni kama saa 8, kurudi Heathrow (uwanja wa London) 7 au pungufu. Halafu tiketi huhesabu tangu ndege inapoachia geti hadi inapoegeshwa, foleni ya kurukia ikiwemo.

Na usidanganywe na saa zilizoandikwa, kila moja ni ya mji wake, na kwa kawaida New York iko nyuma ya London kwa saa 5. Ukienda, chukua saa ya kufika, toa ya kuondoka, jumlisha 5. Ukirudi, punguza 5.