Mke wangu kakutwa na kansa ya kizazi, ndugu zangu wanamsema vibaya

SWALI: Shangazi shikamoo. Mke wangu ana miaka 41, alikua anatokwa damu kila tukikutana tukajua ni sindano za uzazi wa mpango. Wiki iliyopita majibu ya kipimo cha kinyama walichomkata yametoka, ni saratani ya mlango wa kizazi hatua ya 2B na tumeandikiwa rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar. Tangu siku hiyo haongei, analala kageukia ukutani. Dada zangu wanasema huo ni ugonjwa wa malaya, mama anataka tuanze na dawa za miti kijijini. Naogopa nikiongea ntaharibu. Nifanyeje?
Baba Wawili, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana, na mwenzio mfikishie pole yangu.

Nianze na dada zako maana hilo neno ndo linalomgeuzia mkeo ukutani. Karibu kansa zote za mlango wa kizazi zinaletwa na kirusi cha HPV, na hicho kirusi watu wengi waliowahi kukutana kimwili wanakipata wakati fulani, wengi mwili unakiondoa wenyewe, kwa wachache kinakaa kimya hata miaka kumi na zaidi ndo kije kuleta kansa. Kimetoka kwake au kwako hakuna anayeweza kusema. Kwa hiyo wapigie simu wewe mwenyewe, mkeo akiwepo anasikia, waambie neno hilo lisirudiwe tena, na wao waende kliniki wakapimwe kile kipimo cha siki, kinachoangalia dalili za mwanzo kwenye mlango wa kizazi. Ukinyamaza atajua na wewe unaamini.

Mama muongeleshe kwa heshima ila usikubali. 2B ni kwamba uvimbe umetoka kwenye mlango wa kizazi ukaingia nyama za pembeni, haujafika kwenye ukuta wa nyonga, na hapo madaktari bado wanatibu kwa lengo la kuponya. Miezi ya kijijini ndo inayowapeleka watu hatua ya 4, ya mwisho. Halafu dawa ya kemo anayopewa mara nyingi, cisplatin, yenyewe ni nzito kwa figo, ukiongezea mizizi usiyoijua unamuumiza mara mbili. Mama mpe kazi ya maana, abaki na watoto.

Maana Dar mtakaa. Mionzi ya nje ni Jumatatu mpaka Ijumaa kwa kama wiki tano, kemo mara moja kwa wiki, kisha inafuata mionzi ya ndani, inayopitishwa ukeni, hivyo tafuta mapema pa kufikia na uliza kuhusu bima kabla hamjasafiri. Ingia na daftari chumba cha daktari, mgonjwa akishasikia kansa mengine yote yanampita, wewe ndo uandike. Anywe maji ya kutosha, ngozi inapopigwa mionzi asiisugue, na joto likifika 38 akiwa kwenye kemo msisubiri kukuche, nendeni hospitali.

Sasa la kumwambia. Usimwambie "usijali utapona", hilo kila mtu anamwambia na halimsaidii. Kaa kitandani pembeni yake umwambie mnaenda wote, umeshaomba ruhusa kazini, halafu muulize nini kinamtisha zaidi, na akianza kuongea usimkatize hata akitaja kifo. Wengi wanaogopa kuachwa kuliko wanavyoogopa mionzi, na hawasemi.

Na la chumbani lazima nikwambie mapema ili lisije likakushtua. Kwa sasa damu inatoka, pumzikeni tendo, ila usihame kitanda. Baada ya mionzi hedhi inakoma, atasikia joto la ghafla, uke unakua mkavu na unabana, na yote hayo yana namna ya kusaidiwa mkiuliza. Muulizeni nesi mkiwa wawili, kabla mionzi haijaanza, na kama mkeo anaona aibu uliza wewe.