Shangazi, mtoto wetu hataki hata kuguswa na babake

*Shangazi, hujambo? Baada ya ndoa ya miaka tisa bila mtoto, mimi na mume wangu tulikwenda Uganda kuasili. Tulimpata binti wa miezi mitano kwenye makao ya watoto. Sheria yao inamtaka mgeni aishi kule na kumlea mtoto mwaka mmoja, kwa hivyo nilihamia Kampala. Mume alibaki kazini Nairobi, akija mara moja kwa mwezi, na jaji akamlegezea sharti. Tumerudi Donholm miezi miwili iliyopita. Babake akimshika, analia hadi anatapika. Mama mkwe anasema damu nzito kuliko maji, mtoto anajua hapa si kwao. Mume ameanza kuchelewa kurudi. Nakiri, akililia mimi tu, moyo wangu hutulia. Nifanyeje? — Mama Binti*

Mwanangu, hongera kwa mtoto, na pole kwa mwaka ule wa upweke.

Binti yako hajamkataa babake. Hajamjua bado. Wewe umeamka naye usiku, umemwogesha, umembeba mgongoni. Baba alikuwa mtu anayeshuka kwenye basi la usiku, analala nusu ya Jumamosi, na Jumapili anapanda basi tena. Mtoto wa umri huo huwalilia wageni hata kama umemzaa mwenyewe. Na huyu ameshapoteza wengi: aliyemzaa, walezi wa makao, kisha juzi nyumba ya Kampala na jirani aliyezoea kumwita "jangu", yaani njoo kwa Kiganda. Amekung'ang'ania kwa kuwa ni wewe tu uliyebaki. Hapo mimi naona tumaini, maana aliyejua kushikamana na mmoja atajifunza kushikamana na wa pili.

Sharti hilo la mwaka mmoja Uganda ililiweka mwaka 2016, baada ya watoto kutolewa nchini kwa amri za ulezi zilizopatikana harakaharaka. Ni sharti la haki na naliunga mkono. Lakini kwenu liligawa malezi: wewe ukapata mwaka wa kulea, mwenzako akapata mwaka wa kutuma pesa. Sasa naye anahitaji wake.

Nirudi kwenye ule mstari uliokiri kwamba akikulilia moyo hutulia. Nakushukuru kwa kuuandika. Mwanamke aliyeulizwa miaka tisa "mtaleta mtoto lini" ana haki ya kufurahia kutafutwa. Ila jichunguze: baba akimchukua, mtoto akikunja uso tu, mikono yako inakuwa imeshanyooshwa? Ukimnyakua kila mara, mtoto anasoma kwamba kweli kulikuwa na hatari.

Basi mpe baba kazi moja ya kila siku, na iwe yake peke yake. Akitoka kazini na kukwama Jogoo Road anamkuta amelala, kwa hivyo chagueni asubuhi. Uji uwe wa baba. Aupike, aupooze, amlishe. Siku za kwanza mtoto akae mapajani mwako na baba ashike kijiko. Baadaye awe kwenye kiti chake, nawe kando. Baba asimvizie kumbeba, aketi chini sakafuni, acheze na sufuria na vifuniko, angoje afuatwe. Anapomtembeza mtoto, amfunike leso yako, harufu hiyo mtoto anaijua. Na kama bado ana likizo ya mwaka, ile ya siku 21 za kazi, aombe sasa, asiiweke hadi Desemba.

Baba pia ajifunze maneno yake. Mtoto anasema "amata" akitaka maziwa, na mtu asiyemwelewa anamletea maji, mbona asilie? Mwandikie baba maneno kumi ya Kiganda, uyabandike kwenye friji. Msiharakishe kuyafuta kinywani mwa mtoto. Ndiyo mali aliyokuja nayo.

Wageni wamwone, wamsalimie, lakini kwa sasa kumlisha, kumbeba na kumbembeleza kuwe kwenu wawili tu. Mama mkwe naye hataki ubaya, anaogopa kumpenda mtoto kisha aondoke. Mumeo ndiye wa kumwambia, kwa heshima na kwa uwazi, kwamba neno "si kwao" lisisemwe tena humo ndani. Mtoto atajua ameasiliwa, tena mapema, kwa vinywa vyenu na kwa picha za Kampala mlizonazo. Asilisikie kwa mara ya kwanza kwa majirani. Halafu kamilisheni karatasi: Katiba ya 2010, kifungu cha 15(3), inampa mtoto aliyeasiliwa na raia haki ya kusajiliwa kuwa Mkenya. Ni lazima muombe, haiji yenyewe.

Na kabla ya yote hayo, zungumza na mumeo leo usiku. Mwanamume anayechelewa kurudi ili asisikie kilio cha mwanawe ameumia. Mwambie kwamba wewe pia umechangia, hata ule mstari msomee. Kesho alfajiri mwachie sufuria na unga wa wimbi, wewe ukae kitini, mikono mapajani.