Puto lenu libebe swali moja

Mdogo wangu, umesema timu yenu hapo Kisumu inataka puto la utafiti lipande juu angani na vipimo sita, na mnauliza muanze na kipi. Chagueni swali moja tu. Mimi ningechukua mionzi ya anga za juu: huongezeka hadi kimo gani kabla ya kuanza kupungua?

Baridi ndiyo adui. Juu ya ikweta, karibu kilomita 17, joto hushuka hadi karibu nyuzi 80 chini ya sifuri, baridi kali kuliko ile ya Ulaya kwenye kimo hichohicho. Basi msinakili tu maelekezo ya huko. Tumieni betri za lithiamu, fungeni boksi la vifaa linalobebwa na puto kwa povu nene, kisha liwasheni ndani ya friza ya wauza samaki kwa saa tatu. Likizimika humo, huko juu halitadumu.

GPS nayo, kifaa cha kuonyesha puto liko wapi: nyingi hunyamaza zikipita kilomita 18 msipozibadilisha mpangilio. Ombeni kibali mapema kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Na tafadhali, rusheni mbali na ziwa, baada ya kuangalia utabiri wa upepo. Boksi likitua majini, data imekwenda.