"Alivunja rekodi kwa sekunde 46.40": hiyo "kwa" ni ya nini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi na shemeji yangu tumegombana, kwa utani lakini, juu ya sentensi moja ya mtangazaji. Alikuwa anakumbushia fainali ya wanaume ya mita 100 mtindo huru kwenye Olimpiki ya Paris 2024, akasema: "Pan Zhanle wa China alivunja rekodi ya dunia kwa sekunde 46.40." Shemeji alicheka hadi chai ikampalia. Anasema kwa Kiswahili hicho, Pan hakuogelea, alipaa. Mimi nilielewa vizuri tu kwamba 46.40 ndio muda wake. Nani yuko sahihi? Na hilo jina "mtindo huru", uhuru wenyewe ni wa nini ikiwa wote wanaogelea namna moja? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Mpe shemeji pole ya chai, kisha mpe na haki yake, ingawa si yote.

Tuifuate hesabu yake. Rekodi iliyokuwapo kabla ya fainali ile ya tarehe 31 Julai 2024 ilikuwa sekunde 46.80, na mwenye nayo alikuwa Pan huyohuyo. Aliiweka Februari ya mwaka huo huko Doha, kwenye mashindano ya dunia, akiwa mwogeleaji wa kwanza wa timu ya China ya kupokezana. (Ni wa kwanza tu ambaye muda wake huhesabiwa kuwa rekodi, kwa kuwa huyo huondoka kwa mlio wa kuanzia kama kila mtu, wanaomfuata huruka kwa kumtazama mwenzao anavyogusa ukuta.) Sasa rekodi ya 46.80 ukiivunja "kwa sekunde 46.40", toa hii kwenye ile. Zinabaki sekunde 0.40. Yaani Pan aliruka, akaenda mita hamsini, akageuka, akarudi na kugusa ukuta, vyote hivyo kufumba na kufumbua.

Kinachonifurahisha mimi ni kwamba hiyo 0.40 ipo kweli katika habari hii. Ndiyo tofauti kati ya rekodi ya zamani na mpya. Mtangazaji amezihamisha namba mbili viti: muda umekaa kwenye kiti cha tofauti, na tofauti imesukumwa ikakaa kwenye kiti cha muda. Shemeji yako amecheka kwa sababu masikio yake yamesikia kitu ambacho sarufi imekisema kweli.

Lakini na wewe ulielewa, na hukukosea kuelewa. Ulijua kwamba hakuna binadamu wa kuogelea mita 100 kwa chini ya nusu sekunde, ukairekebisha sentensi kichwani bila kujijua. Ndivyo tunavyosikilizana kila siku, la sivyo tusingefika popote. Ila msikilizaji akirekebisha, sifa ni ya msikilizaji.

Ugumu umeletwa na neno dogo "kwa", ambalo tumelibebesha mizigo mingi kuliko punda wa Lamu. Tunakata mkate kwa kisu, tunakwenda kwa miguu, tunauza nazi kwa shilingi elfu, tunaomba kwa unyenyekevu, tunakaa kwa shangazi. Na ukifika kwenye mambo ya kupimana, "kwa" hutaja kiasi ambacho kitu kimoja kimekizidi kingine: kaka amenizidi kwa miaka miwili, kamba hii imepungua kwa dhiraa moja. Habari nyingi za kuogelea hutufikia kwa Kiingereza, na Kiingereza kina kiungo kimoja cha kutaja muda aliotumia mtu na kiungo kingine cha kutaja tofauti. Mtafsiri mwenye haraka huvimwaga vyote viwili kwenye "kwa" moja, kisha anasonga mbele.

Dawa yake ni kukitazama kitenzi. Vipo vitenzi ambavyo ndani yake mna vitu viwili vinavyolinganishwa: kuvunja rekodi, kumshinda fulani, kupita, kuzidi, kupunguza, kuongeza. Hivi vikifuatwa na "kwa" na kiasi, sikio la Mswahili hudai tofauti. Vipo vingine ambavyo havilinganishi chochote: kuogelea, kumaliza, kuweka rekodi, kugusa ukuta. Hivi havina tofauti ya kutaja, kwa hiyo kiasi kinachofuata "kwa" huwa muda wenyewe. "Alimaliza kwa sekunde 46.40" ni sentensi safi. "Aliweka rekodi mpya kwa sekunde 46.40" nayo inapita. "Alivunja rekodi kwa sekunde 46.40" ndiyo inayompalia mtu chai.

Nikupe jaribio la kukuonyesha. Olimpiki ya Sydney, mwaka 2000, fainali ya wanaume ya mita 50 mtindo huru, Wamarekani wawili, Gary Hall na Anthony Ervin, waligusa ukuta pamoja, saa ikasoma 21.98 kwa wote wawili, wakapewa dhahabu kila mtu yake. Sema "Hall na Ervin walimaliza kwa sekunde 21.98". Hakuna atakayekuuliza kitu. Sasa jaribu "Hall alimshinda Ervin kwa sekunde 21.98". Papo hapo sentensi imekuwa uongo, na hakuna ulichogusa ila kitenzi.

Kesi ngumu ni "kushinda" isipotaja aliyeshindwa. "Pan alishinda kwa sekunde 46.40": huo ni muda wake, au ndivyo alivyowaacha wenzake? Hapa mimi si mkali. Kitenzi kikisimama peke yake kinavumilia maana zote mbili, na mashabiki wa mpira wameishi na utata huo miaka yote. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba mabao matano kwa moja (wana Simba mniwie radhi, ni mfano tu). Je, Yanga ilishinda kwa mabao matano au kwa mabao manne? Utasikia yote, na kijiweni watu watabishana hadi magharibi. Ndiyo maana mtangazaji mzoefu hutaja matokeo kamili, "matano kwa moja", ambapo "kwa" ya tatu tofauti kabisa inaingia kazini, na ubishi unakwisha. Lakini weka kiambishi cha mtendwa, "alimshinda", na mlango wa maana ya pili unafungwa. "Pan alimshinda Kyle Chalmers kwa sekunde 1.08" ni tofauti tu, wala haiwezi kuwa kingine. (Siitaji maana ile nyingine ya kushinda, ya kukaa mahali kutwa. Ukisema "leo ameshinda bwawani" bila maelezo, mama yake atauliza kama amekula.)

Kwa hiyo mtangazaji angesemaje? Ninaloliona bora tumelizoea kwenye bei za mafuta. Petroli ikipanda "kwa" shilingi mia na ikipanda "hadi" shilingi elfu tatu, hakuna dereva wa bodaboda anayechanganya mambo hayo mawili. Rekodi ya kuogelea nayo hushuka: "Pan aliishusha rekodi ya dunia kutoka sekunde 46.80 hadi 46.40." Imetoka wapi, imefika wapi, kila namba iko kwenye kiti chake. Ukitaka kubaki na "kuvunja", tumia "akitumia": "alivunja rekodi ya dunia akitumia sekunde 46.40." Wengine huandika "kwa kutumia", sina ugomvi nayo. "Kwa muda wa sekunde 46.40" naipenda kidogo zaidi baada ya "alimaliza" kuliko baada ya "alivunja", maana huku kwa pili inakuwa kana kwamba kazi ya kuvunja ndiyo iliyodumu sekunde zote hizo, kama mtu anayevunja mawe.

Unaweza kuuliza, kwani sehemu ndogo za sekunde zina uzito gani hata tuzilindie kiti? Tazama rekodi hiyohiyo ilivyokwenda. Mwaka 2009 huko Roma, wakati wa yale mavazi ya kuteleza majini yaliyopigwa marufuku baadaye, Mbrazili César Cielo aliweka 46.91. Ilikaa miaka 13. David Popovici wa Romania akaivunja mwaka 2022, Roma palepale, kwa sekunde 0.05. Pan akaivunja ya Popovici pale Doha kwa sekunde 0.06. Kisha Paris, kwa sekunde 0.40. Ukizisoma hizo "kwa" tatu zikifuatana ndipo unapoelewa kwa nini watu walishika vichwa: kijana ambaye hajatimiza miaka 20 alipunguza kwa mara moja zaidi ya walichopunguza wanaume wote kwa miaka 15. Mtangazaji aliyeweka 46.40 mahali pa 0.40 aliitupa habari yenyewe.

Nyuma yake ndiko kulikokuwa na msongamano. Chalmers wa Australia alipata fedha kwa 47.48, Popovici shaba kwa 47.49, na Nándor Németh wa Hungaria akaondoka mikono mitupu kwa 47.50. Hapo jihadhari na namna ya kusoma. Popovici alimshinda Németh kwa sekunde 0.01, yaani sehemu moja ya mia ya sekunde. Nimesikia ikisomwa "mia moja ya sekunde". Hiyo siielewi ni nini. Vilevile 1.08 ni "moja nukta sifuri nane". Ukiimeza ile sifuri ukasema "moja nukta nane", umemwongezea Chalmers aibu ambayo hakuistahili. Na "nukta" yenyewe, kwa wazee wa pwani, ilikuwa ndiyo sekunde: saa, dakika, nukta. Ukikutana na maandishi ya zamani yanayosema jambo lilitokea "kwa nukta chache", usitafute desimali.

Kuhusu "mtindo huru". Uhuru ni wa mwogeleaji kuchagua, si jina la namna ya kutupa mikono. Katika mashindano ya mtindo huru kanuni zinamruhusu aogelee vyovyote apendavyo, mradi aguse ukuta kila anapogeuka na anapomaliza, na asipite chini ya maji zaidi ya mita 15 baada ya kuruka au kugeuka. Wote huchagua ule wa kulala kifudifudi na kutupa mkono mmoja baada ya mwingine, kwa sababu ndio wenye kasi kuliko yote. Kwa hiyo andika "mita 100 mtindo huru" bila wasiwasi. "Mita 100 huru" ni ufupisho wa vichwa vya habari, kwingine inaonekana kana kwamba mita ndizo zilizoachiwa huru. Na siku ukimwona mtu kwenye fainali ya mtindo huru anaogelea kichura, usimwite mwamuzi. Hajavunja kanuni yoyote, atashika mkia tu.