Kupima inzi weupe wanafika wapi

Ndugu, kujua inzi weupe wanasambaa umbali gani kutoka shamba la muhogo lenye batobato (ugonjwa wa virusi unaoenezwa na inzi hao) kunawezekana. Alfajiri, kabla hawajachangamka, wapulizie unga wa rangi inayong'aa chini ya tochi ya urujuanimno (UV). Kidogo sana! Ukizidi hung'ang'ania mabawa, na mdudu wa milimita 1 hawezi kuruka. Vaa barakoa.

Tundika kadi za njano zenye gundi mita 5, 10, 20 na 40 kutoka shambani, pande zote nne, usawa wa majani machanga. Mduara hupanuka kadiri unavyoenda mbali, hivyo ongeza kadi huko mbali, la sivyo utadhani wameishia njiani. Mikono iliyoshika unga isiguse kadi. Andika mwelekeo wa upepo. Kadi hazionyeshi virusi. Kwa hilo wasiliana na TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania).