ALT peke yake haitoshi, tafuta namba ya HBsAg

Je, ALT (kimeng'enya cha ini kinachopimwa kwenye damu) inatosha kukuambia kama dawa ya homa ya ini B itakukubali? Hapana, pekee haiwezi. Ikiwa juu kabla ya kuanza sindano za peginterferoni (dawa inayoamsha kinga ya mwili) ni dalili njema, basi. Kipimo chenye uzito zaidi kwa anayechoma sindano hizo (moja kwa wiki, wiki 48) ni kiasi cha HBsAg (protini ya ganda la kirusi cha homa ya ini B) kwenye damu, yaani namba kamili kwa IU/mL. Kile kikaratasi cha mistari miwili kinasema ipo au haipo tu, hakisaidii hapa.

Hupimwa kabla ya kuanza, kisha wiki ya 12. Kwa mwongozo wa EASL (chama cha Ulaya cha utafiti wa ini) wa 2017, mwenye HBeAg (protini nyingine ya kirusi, dalili kwamba kinazaliana kwa wingi) na kirusi cha jenotaipu (aina ya kirusi kwa vinasaba) B au C akifika wiki hiyo HBsAg bado imepita 20,000, uwezekano wa kufaulu ni mdogo mno, sindano zinasimamishwa. Kwa A na D (huku Afrika Mashariki A ndiyo imejaa) swali ni moja: imeshuka au haijashuka? Haijashuka, anaachishwa.

Ila kama unameza tenofoviri (vidonge vya kuzuia virusi kuzaliana), usihangaike na hesabu hizo. Karibu kila anayeimeza bila kuruka siku, virusi hushuka. Hapo unafuatilia wingi wa virusi, HBV DNA. HBsAg yenyewe hujikokota miaka na miaka, na isiposhuka haina maana vidonge vimeshindwa. Usiviache kwa sababu hiyo.