Anatafuna kandambili kwa sababu hana kazi

Dada, nimekusoma kuhusu mbwa wako. German Shepherd wa miezi 10, anashinda bandani tangu asubuhi, ukimfungulia usiku anafukua maua, na kandambili za shemeji ameshazimaliza. Huyo si mkorofi. Ana nguvu zisizo na kazi, na kuzunguka uani dakika 10 hakumtoshi.

Mtoe mara mbili kwa siku, dakika 30 hadi 45 kila safari. Kwa joto hili la Dar, toka saa 12 asubuhi, na jioni subiri jua lizame. Kabla hamjakanyaga lami, iwekee mgongo wa kiganja kwa sekunde 7. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake nazo zitaungua. Njiani usiwe na haraka. Mwache anuse kila nguzo na kila kichaka, maana kunusa kunamchosha kuliko unavyodhani.

Kumkimbiza na baiskeli, kama alivyokushauri jirani, bado. Mifupa yake haijakomaa. Ngoja afikishe mwaka na nusu. Wala usimkimbize akiwa ametoka kula: mbwa wa jamii hii tumbo huweza kujaa gesi na kujisokota, na hiyo inaua haraka.

Wangu nilimtuliza kwa dagaa. Nilikuwa natupa wakavu kumi hivi kwenye majani, anahangaika pua chini robo saa nzima, kisha huyo, chali kibarazani. Jaribu kabla hujaenda kazini. Na chanjo ya kichaa cha mbwa awe ameshachomwa kabla hujamvusha geti.